Kukereza Mringaringa Mbichi

Vijana wakija kuniuliza habari za wakati wa Mjerumani, wanataka niwasimulie viboko na bunduki. Viboko vilikuwapo, sikatai. Lakini mimi nikiikumbuka miaka ile, kinachonijia kwanza ni harufu ya mringaringa mbichi, na maji ya mti yakimrukia mume wangu usoni huku yeye akiendelea na kazi bila hata kujipangusa. Asiyetaka habari hiyo aende kwa jirani yangu. Yeye ana habari nyingi za bunduki, na nyingine hata hazikutokea.

Jina la mume wangu silitaji. Kwetu mke hakumtaja mume kwa jina, na sasa nimezeeka mno kuanza utovu wa adabu. Mama yake nitamwita Mama, kama nilivyomwita siku zote. Tulikaa watatu juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, nyumba moja ya msonge, migomba mbele na mfereji wa maji nyuma. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili, sijazaa bado, na nilikuwa mjuaji. Mama alipenda kusema kwamba nilikuja kwake na vibuyu vinne na majibu arobaini.

Mume wangu alikuwa mpasua mbao misheni, yeye na mwenzake, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni, msumeno katikati. Pale misheni palikuwa na fundi Mzungu aliyekuwa na kerezo. Kwa asiyelijua, kerezo ni chombo cha kuzungusha kipande cha mti mbele ya patasi: mti ndio unaokwenda, patasi imetulia. Fundi yule alikanyaga ubao kwa mguu, gurudumu likazunguka, naye akatoa miguu ya meza na ya viti ambayo usingeweza kujua upi ulichongwa kwanza na upi mwisho. Jioni mume wangu alipoacha msumeno alipita akasimama mlangoni mwa karakana, akitazama. Hakuambiwa aingie, wala hakuambiwa aondoke. Alitazama hivyo mwaka mzima, mvua na jua, halafu akaja nyumbani akaunda lake.

Ningependa mngemwona. Chuma hakuwa nacho, isipokuwa ncha mbili alizofuliwa na mhunzi baada ya kumpulizia mivuo siku tatu. Alichimbia magogo mawili nyuma ya nyumba, akayaunganisha kwa mti wa kulala, akapigilia ncha moja huku na nyingine huku, zikitazamana. Kati ya ncha hizo ndipo kipande cha mti kilipokaa. Gurudumu hakuwa nalo. Gurudumu lilikuwa mimi.

Nilikaa chini, miguu nimeikaza kwenye gogo, mikononi nimeshika miisho miwili ya ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Ukanda wenyewe ulizungushwa mara mbili kwenye mpini mnene uliopigiliwa katikati ya kile kipande, alichotaka kukifanya bakuli. Nikivuta mkono wa kulia, mti unamjia. Nikivuta wa kushoto, unarudi. Alikata mti ulipomjia tu, na ulipokuwa ukirudi aliinua patasi kidogo sana, hata mtu aliyesimama karibu asingeona. Tukipishana, patasi inang'ata na bakuli linaruka. Mwezi wa kwanza tuligombana kila siku. Mwezi wa pili tulikuwa hatusemi neno, na kazi ikawa inakwenda.

Kutoka pale chini nilimjua mume wangu kuliko kutoka mahali pengine popote. Alikuwa mtu wa kawaida tu. Mguu wake mmoja ulipinda kidogo, na akila alitafuna kwa sauti iliyonichosha. Lakini akishika patasi, uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza jambo zuri linalosemwa chumba cha pili. Hakutazama sana. Alisikiliza. Mti ukiwa mnene unanguruma, ukianza kuwa mwembamba sauti inapanda, na yeye alijua kwa sikio tu ni wapi pa kuacha. Niliwahi kumwona akikereza ukingo wa bakuli huku amefumba macho, na mimi nikavuta ukanda kwa woga, nikiogopa hata kukohoa.

Fundi Mzungu alikereza mti mkavu tu, mbao zilizokaa bandani miaka. Mume wangu hakuwa na banda wala miaka. Aliangusha mringaringa asubuhi, mchana alikuwa ameupasua kwa kabari na kutupa moyo wa mti, maana moyo ndio unaoanza kupasuka, na jioni kipande kilikuwa tayari kwenye kerezo, bado kinadondoka maji. Mti mbichi ni laini. Maranda hayakutoka vipande vipande. Yalitoka marefu, mepesi, yakamwangukia miguuni na mengine yakaning'inia begani kwangu. Nilipenda sana wakati ule, siwezi kudanganya.

Ubaya wa mti mbichi ni kwamba haujamaliza kubadilika. Ukikereza bakuli la mviringo leo, ukaliacha likauke lenyewe, mwezi ujao ni la mviringo kama yai. Na likikauka haraka, nje kunajikunja wakati ndani bado kuna maji, basi linapasuka. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyajua kwa kuharibu mabakuli, moja baada ya jingine, akiyashika yaliyopasuka muda mrefu kuliko alivyoshika mazima, akifuata ufa kwa kidole mpaka ulipoanzia. Mwishowe akapata njia yake. Alikereza bakuli nene kwanza, ukuta wa vidole viwili, akaliacha na ubaya wake. Halafu akalifukia kwenye rundo la maranda na pumba za ulezi, katika pembe ya nyumba ambayo joto la moto halikufika, ili maji yatoke polepole, kwa adabu. Kila baada ya siku chache alilifukua, akaligeuza, akalifukia tena. Miezi minne. Likisha kukauka limekuwa yai, analirudisha kwenye kerezo, na kwa sababu aliliacha nene, bado anao mti wa kutosha kutafuta mviringo ndani yake. Kutoka hapo halibadiliki tena. Mabakuli yake mawili ninayo mpaka leo, na maji hayapiti.

Sasa nisimulie jambo lenyewe.

Siku zile walowezi wa tambarare ya kuelekea Kikatiti walitaka watu. Kila masika yakiisha, tarishi wa Mangi, mtawala wetu, alipita na askari, akichagua wanaume wa kwenda kung'oa visiki na kulima mashamba yao, mwaka mzima, na wengine walirudi wamekonda na wengine hawakurudi. Mpasua mbao alichaguliwa kama mtu mwingine yeyote. Aliyeachwa alikuwa fundi mwenye barua ya misheni. Mwaka uliotangulia mume wangu aliponea kwa sababu alikuwa anaharisha na tarishi hakutaka kumsogelea. Hatukutegemea kwamba ataharisha tena kwa wakati.

Fundi Mzungu akasikia kwamba mmoja wa wapasua mbao ana kerezo nyuma ya migomba. Akapanda mlima kuja kuliona. Alipoona gurudumu ni mimi, alicheka mpaka akashika gogo. Kisha mume wangu akaanza kazi, na Mzungu akaacha kucheka. Alisimama mpaka bakuli lilipokwisha, akalichukua, akalizungusha mkononi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika kwa nini linadondoka maji, litakauka vipi. Mume wangu akamwonyesha rundo la pumba. Mzungu yule akaingiza mkono wote ndani ya rundo kama anatafuta mayai.

Akasema anataka mabakuli sita ya nyumba ya wagonjwa. Ukubwa mmoja, mviringo kamili, yasiwe na ufa hata mmoja. Yakifika mikononi mwake kabla tarishi hajapita, ataandika barua kwamba huyu ni fundi wa misheni. Hakuahidi zaidi ya hapo, na sisi hatukuhitaji zaidi.

Mabakuli sita tuliyakereza mara ya kwanza kabla ya mvua. Yakafukiwa. Siku zilihesabika vizuri: yangekauka masika yakiwa yanaisha, yakerezwe mara ya pili, yapelekwe. Hakuniambia nisiyaguse. Angeniambia, labda nisingeyagusa, labda.

Masika yalipochacha, wapasua mbao walipelekwa msituni upande wa Olmotonyi kwa siku kumi. Siku ya tatu nilikuwa nafagia, nikaona niyatazame mabakuli yetu. Nilipofukua, nilishtuka. Yote sita yalikuwa yameota ukungu, mweupe na wa kijani, mpaka chini.

Ni lazima mjue nilivyolelewa. Kwetu mwanamke anapimwa kwa vyombo vyake. Kibuyu cha maziwa kinaoshwa, kinafukizwa kwa kaa la mzeituni wa porini, ule Waarusha wanaouita oloirien, kinapakwa samli, kinawekwa kwenye kichanja juu ya moto ili moshi ukikaze. Chombo chenye ukungu ni aibu ya aliyekiweka. Mama yangu mzazi angeona ukungu kwenye kibuyu changu, angenipiga mbele ya wageni. Na hapa kulikuwa na mabakuli sita ya kwenda kwa Wazungu, maisha ya mume wangu yamo ndani yake, yakiozea kwenye pumba. Nikajiambia, wanaume wanajua kuchonga, lakini kutunza chombo hawajui. Nikasikia hata fahari.

Niliyaosha. Nilipasua kaa la mzeituni ndani ya kila moja, nikayafukiza mpaka yakanukia vizuri. Nikayapaka samli, tena samli nzuri ya Mama, sikubania. Nikayapanga kwenye kichanja juu ya moto, midomo chini, nikasimama nikiyatazama. Yalipendeza mno. Mama alikuwa ameshuka sokoni. Aliporudi moshi ulikuwa mzito na hakutazama juu.

Asubuhi ya pili nilikuwa nakoroga uji nikasikia kitu kama kuni kavu inayovunjwa kwa goti. Nikatazama moto, hakuna kitu. Nikasikia tena. La tatu nililiona kwa macho yangu: ufa ulianzia ukingoni, ukashuka taratibu, ukafika chini. Niliyashusha yaliyobaki mbio nikaungua mikono, nikayakimbiza kwenye pumba, lakini huko nako yaliendelea kulia, moja, jingine, mpaka mchana. Yote sita. Uji uliungua na nyumba ikajaa harufu yake.

Mama akaja akasimama. Alitazama mabakuli, akatazama mikono yangu. Nilikuwa nasubiri aniambie nirudi kwetu, na kwa kweli nilikuwa nimekwisha kukusanya vibuyu vyangu vinne kwa macho. Akachukua bakuli moja, akaweka kidole chake ndani ya ufa, kikapita upande wa pili.

"Nani amekuona ukiyaweka juu?" akaniuliza.

"Hakuna, Mama."

"Basi ni mimi niliyeyaweka. Mimi ni mzee, naharibu vitu. Wewe ulikuwa shambani."

"Mama, siwezi kukuachia—"

"Una majibu arobaini, binti yangu. Leo yaweke yote."

Mume wangu aliporudi kutoka msituni, Mama alimwambia hivyo hivyo, mlangoni, kabla hajatua mzigo. Alimwangalia mama yake. Akaingia, akayashika mabakuli moja moja, akayanusa, akayapanga chini kwa mstari. Mimi nilijifanya napuliza moto. Akasema, "Sawa, Mama," akaenda kunawa. Usiku ule hakula kwa sauti, na nilijichukia kwa kulitambua hilo.

Kukereza mengine na kuyakausha kulitaka miezi minne. Tarishi alitaka wiki tatu. Mume wangu alishuka kwa fundi Mzungu kumweleza. Mzungu alisikitika, akasema barua ni ya mabakuli, hana mabakuli, hana barua. Tarishi akaja na askari asubuhi moja ya baridi, mlima wote umefunikwa na mawingu. Mume wangu alichukua blanketi na kisu. Aliniambia niangalie patasi zisipate kutu. Nilisimama kwenye mfereji mpaka nyayo zikafa ganzi.

Siku nne sikufanya kitu cha maana. Siku ya tano Mama alinikuta nimekaa chini mahali pangu pa siku zote, nimeshika ukanda, ncha mbili za chuma zinatazamana bila kitu katikati.

"Unamvutia nani?" akauliza.

"Sijui."

Akainama akalichunguza lile kerezo ambalo mwaka mzima alikuwa amelicheka, akiliita mbuzi asiyetoa maziwa. Akasema, "Mabakuli yakipatikana, barua itapatikana?"

"Mzungu alisema barua ni ya mabakuli, Mama. Lakini mabakuli ni ya mkerezaji."

"Mkerezaji ulimtazama muda gani?"

Nikasema mwaka na kitu.

"Na yeye alimtazama Mzungu muda gani?"

Akanisukuma kwa goti nitoke mahali pangu, akakaa yeye, akakaza miguu kwenye gogo, akanyoosha mkono apewe ukanda. Mwanamke yule alikuwa na miaka mingi kuliko meno. Nikampa.

Sitawadanganya kwamba mkono wangu ulijua. Kipande cha kwanza patasi iling'ata, kikaruka juu ya kichwa cha Mama, kikaangukia zizi la mbuzi. Cha pili kilinipiga kifuani. Mama alivuta kama anayemnyang'anya mtu kamba ya mbuzi, kwa ghafla, na mimi nilikata mti ukija na ukienda. Tulitukanana kwa heshima zote za mkwe na mkwe. Tulitundika majani ya migomba kuzunguka kerezo, maana mwanamke kushika patasi lilikuwa jambo ambalo lingefika sokoni Tengeru kabla yetu. Waliopita wakisikia mngurumo walisema, "Shikamoo Mama, unafanya nini huko?" Naye akajibu kutoka chini, akihema, kwamba anasaga. Alisaga miezi miwili, na hakuna aliyepewa unga.

Mringaringa niliuangusha mwenyewe. Niliupasua kwa kabari, nikatupa moyo wa mti kama nilivyomwona akifanya. Polepole nikaanza kusikia kile alichokuwa akisikia. Siku ya kwanza niliposikia sauti ikipanda, nikainua patasi kabla ya kufikiri, nilikaa chini nikalia kidogo. Nilikuwa nimemsikia yeye. Mama aliniuliza kama nimejikata, nikasema hapana, akasema, "Basi simama, mikono yangu inapoa."

Tulikereza kumi na mawili, manene, mabaya. Tukayafukia kwenye maranda na pumba, pembe ile ile. Ukungu ukaota. Sijawahi kushindana na kitu kama nilivyoshindana na ukungu ule. Kila nilipoyafukua kuyageuza, vidole vilitaka kitambaa, samli, kaa. Mama alikaa mlangoni akinitazama mpaka niyafukie. Yeye hakujua kukereza, lakini alijua kusubiri. Alikuwa akiliweka bakuli shavuni: la maji ni baridi hata jua likiwaka, likikauka linakuwa na joto la kawaida, la mtu. Tuliyapima kwa mashavu yetu kila wiki, mimi na yeye, tukibishana. Mawili yalipasuka. Kumi yakakauka, yamepinda kila moja kwa namna yake.

Kukereza mara ya pili ni kazi ya mkono mwepesi kabisa. Mti umekuwa mgumu, hauna maji ya kukusamehe. Hapo Mama alinishangaza. Alikuwa amejifunza kuvuta hata nisimsikie. Tulikuwa tukimaliza bakuli bila neno, na nikimtazama pale chini, jasho linamtiririka katika mikunjo ya shingo, niliona aibu kwa kila jibu nililowahi kumpa.

Tulichagua sita, tukayafunga kwenye majani makavu ya migomba, tukashuka nayo misheni. Fundi Mzungu aliyapanga mezani, akatoa chuma chake cha miguu miwili cha kupimia, akapima kila moja mara tatu, kwenye ukingo, tumboni, kwenye kitako. Alijaza maji, akakaa na kiko chake akisubiri yavuje. Hayakuvuja. Akauliza, "Nani amefanya?"

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Yametoka nyumbani kwake," akasema. Na hilo lilikuwa kweli. Mzungu alitutazama wote wawili, mikono yangu hasa, na nadhani alielewa, lakini mtu anayetaka mabakuli hahangaiki sana. Aliandika barua, akagonga muhuri, jina la mume wangu juu yake, fundi mkerezaji wa misheni, arudishwe. Mama aliibusu ile karatasi, yeye ambaye hakujua hata upande wa juu na wa chini.

Barua ilishuka tambarare, kwa walowezi. Siku kumi na mbili baadaye mume wangu alipanda kwenye njia ya mfereji, na mimi nilikimbia, kisha nikaacha kukimbia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. Mwezi uliotangulia gari la ng'ombe lilikwama, wakanyanyua gurudumu, likawarudia. Vidole viwili havikuwapo. Vitatu vilivyobaki havikufunga.

Alinywa maji, akamsalimu mama yake, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tulimfuata. Mabakuli manne yaliyobaki yalikuwa kwenye ubao. Alichukua moja kwa mkono wa kushoto, akapitisha dole gumba ndani, polepole, kutoka ukingoni mpaka kitakoni, na kurudi. Akalisogeza sikioni akaligonga. Nikaona lazima niseme, nisiposema hapo sitasema tena.

"Yale sita ya kwanza," nikamwambia, "ni mimi niliyeyaweka juu ya moto. Mama alinifunika tu. Mkono wako ni mimi."

Mama alianza kusema neno, akaliacha.

"Nilijua siku ile ile," akasema mume wangu. "Yalinuka samli. Mama hajawahi kupaka kitu samli nyingi hivyo maishani mwake, ni mchoyo." Mama hakukanusha. Kisha akanyoosha lile bakuli kwangu. "Na hili? Hili ni nani?"

"Mimi."

Alilitazama tena. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na bakuli na mwingine haukufaa. "Kitako chake ni chembamba kuliko changu," akasema. "Mimi niliogopa kwenda mbali hivyo."

Kisha akakaa chini. Akakaza miguu kwenye gogo, mguu uliopinda na ulionyooka, akazungusha mwisho mmoja wa ukanda kwenye kifundo cha mkono mbovu, mara mbili, akaukaza kwa meno, wa pili akaushika kwa mkono mzima. Mama akasogea kando. Mimi nilibaki nimesimama kama mgeni.

"Weka mti," akaniambia. "Shika patasi."

Miaka iliyofuata, mpaka vita vilipokuja na baada yake, mabakuli yetu yalifika misheni, yalifika nyumba za watu wa Arusha mjini, mengine yalifika hata bomani kwa Bwana Mkubwa. Yote yalikwenda kwa jina lake, maana barua ilikuwa na jina lake, na bila barua asingekaa nyumbani siku moja. Watu walimsimamisha njiani wakamsifu, wakamshangaa, fundi mwenye vidole vitatu. Kila mara aliwajibu neno moja, akinitazama mimi: "Mimi navuta tu." Nao walicheka, wakamwona ni mtu mnyenyekevu sana.